Dirisha la Daraja la Tatu

Mama yangu aliuza karanga, asali na mayai ya kuchemsha katika stesheni ya Goweko kwa miaka 19. Goweko ni kituo kidogo kwenye Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, na treni ya abiria ilikuwa ikisimama pale kwa dakika chache tu. Katika dakika hizo mama alikuwa na kanuni zake. Hakuwahi kwenda kwenye mabehewa ya daraja la kwanza, kwa sababu, alisema, wale huuliza sana na kununua kidogo. Alikimbilia daraja la tatu, beseni kichwani, akinyoosha mkono juu kuelekea dirishani, akipokea fedha kabla ya kuachia mfuko. Karo yangu ya sekondari ilipita katika madirisha hayo. Nasema hivyo bila sitiari yoyote: noti zilitoka ndani ya behewa, zikashuka kwenye kiganja cha mama, zikafika shuleni.

Baba alikuwa katika genge la njia. Kila asubuhi alitembea juu ya mataruma na nyundo na spana ndefu, akigonga reli na kusikiliza, akikaza parafujo zilizolegea, akifukia kokoto pale mvua ilipokuwa imezichimbua. Watoto wa mjini walimwogopa dereva wa treni na kumtukuza; sisi tulijua kwamba dereva hufika salama kwa sababu mtu fulani alipita pale jana kwa miguu. Baba amekwisha kufariki. Mama yupo, ana miaka inayokaribia 80, na macho yake yana mtoto wa jicho.

Ndiyo sababu ya safari ninayotaka kuisimulia. Mwaka huu ilinibidi nimpeleke Dar es Salaam kwa ajili ya upasuaji wa macho. Nilipendekeza basi. Akakataa. Nikapendekeza ndege, kwa kuwa Tabora kuna uwanja. Akanitazama kwa jicho lile ambalo bado linaona kidogo, akasema, "Baba, mimi nimekula reli maisha yangu yote. Nipeleke kwa reli." Tukakubaliana: treni ya zamani, ile ya njia ya mita moja, kutoka Tabora hadi Dodoma, na kutoka Dodoma treni ya umeme ya SGR hadi Dar es Salaam.

Tulifika stesheni ya Tabora jioni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha upande wa Kigoma, na treni tuliyoingoja ilikuwa imezuiliwa huko mbele na maji yaliyofunika njia. Tulingoja saa tisa. Sikukasirika, na nitaeleza sababu. Kijana mmoja aliyevaa sare alitoka ofisini kila baada ya saa moja, akasimama katikati yetu, akatuambia alichokijua: treni iko wapi, maji yamepungua kiasi gani, na kwamba hana uhakika na saa ya kufika. Mara mbili alitoka kuja kutuambia kwamba hana jipya la kusema. Abiria walimshukuru. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa juu ya gunia la dagaa alimpa kipande cha muhogo. Katika miaka yangu ya kusafiri kwa treni, basi na meli, naihesabu huduma ya kijana yule kuwa miongoni mwa bora nilizopata, na haikuigharimu serikali hata senti moja zaidi ya mshahara wake.

Mama alilala kwenye benchi. Mimi nikabaki na mawazo, na mtu akiwa na mawazo Tabora usiku hawezi kukwepa historia.

Njia ile ni kongwe kuliko reli. Kabla ya mataruma palikuwa na nyayo. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapanda bonde la Mkondoa kupitia Usagara, ikavuka nyika ya Ugogo, ikaingia Unyanyembe, ikapumzika Tabora, mahali ambapo wasafiri wa karne ya 19 walipaita pia Kazeh, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh Novemba. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, na tembe lile bado linaonyeshwa kwa wageni. Lakini majina haya ya Wazungu huyapa kivuli majina ambayo hayakuandikwa. Aliyebeba shehena alikuwa mpagazi, na mpagazi aliyesifika kuliko wote alikuwa Mnyamwezi. Alibeba vitambaa vya merikani, shanga na nyaya akielekea bara, na pembe za ndovu akirudi. Katika misafara hiyo hiyo walitembea watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuwa wapagazi kwa hiari wala kwa ujira, na sipendi kusikia njia hii ikisimuliwa kwa watalii kana kwamba ilikuwa ya pembe na shanga peke yake.

Kuna neno moja ambalo njia ile ilitupa, na kila mtumishi wa umma analijua. Msafara ulipofika katika nchi ya mtemi, hasa Ugogo, ambako maji yalikuwa adimu, ulilazimika kulipa hongo ndipo upite na kunywa. Hongo ilikuwa ushuru. Ilitozwa mchana, mbele ya watu, baada ya majadiliano marefu, na aliyelipa alipata haki ya kupita. Leo neno hilo lina maana ya kitu kinachotolewa chini ya meza. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba historia ya dola yetu inaweza kuandikwa kwa kufuatilia safari ya neno hilo kutoka uwanjani hadi chini ya meza. Walicheka. Mmoja hakucheka, alikuwa amewahi kufanya kazi katika kituo cha mizani.

Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Angalia miji isiyotajwa katika sentensi hiyo. Bagamoyo, mlango wa misafara, uliachwa kando, na Dar es Salaam ikameza biashara yake. Ujiji, mwisho wa njia kwa miongo mingi, iliachwa kilomita chache tu kutoka gati ya Kigoma, na kilomita hizo chache zilitosha kuifanya kitongoji. Tabora ilinusurika kwa sababu mchoraji wa ramani aliihitaji kwa makutano: kutoka hapo njia nyingine ilikwenda Mwanza, ikakamilishwa na Waingereza mwaka 1928, na baadaye tawi la Mpanda likachipuka kutoka Kaliua. Mji wetu ulipata karakana, ukapata chuo cha reli, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipozingirwa na kukosa sarafu, karakana ya reli karibu na Tabora ilifyatua sarafu za dhahabu za mwaka 1916 zenye picha ya tembo. Miezi michache baadaye, Septemba mwaka huo huo, Wabelgiji wakautwaa mji. Wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya wanaijua Tabora kwa sababu hiyo tu.

Nilikuwa nikiyawaza haya kwa sababu moja: kila njia mpya huchagua nani awepo na nani asiwepo. Mhandisi huchora mstari, na mahali ambapo mstari unagusa panakuwa mji. Pale ambapo treni hupita bila kusimama, panakuwa mandhari ya kutazamwa kutoka dirishani.

Treni ilifika alfajiri. Tulipanda daraja la pili, nami nikaona mama anageuza kichwa kuelekea mabehewa ya nyuma, kama mtu anayepita karibu na ofisi yake ya zamani. Goweko tulisimama. Hakuteremka. Alisikiliza tu sauti za akina mama wanaouza, na baada ya treni kuondoka akasema, "Wamekuwa wachache." Nikamweleza kwamba siku hizi kuna bodaboda na barabara imekuwa bora, watu hununua kwingine. "Hapana," akasema, "treni ndiyo imekuwa chache."

Yuko sahihi, na sababu zake zinajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja likagawanywa, nasi tukaanzisha Shirika la Reli Tanzania kwa vipande tulivyorithi. Reli zilikuwa zimezeeka, sehemu kubwa zikiwa zile nyepesi za ratili 56 kwa yadi. Kati ya Kilosa na Gulwe, njia inabanana na mito katika bonde lile lile la Mkondoa lililowasumbua wapagazi, na mafuriko hulichukua tuta karibu kila masika yanapokuwa makali. Mwanzoni mwa mwaka 2010 huduma ilikatika kwa miezi. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma ikiteremka bila breki hadi ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Kwa wiki kadhaa baba hakuzungumza mezani, na aliporudi kuzungumza alizungumzia breki.

Kisha likaja jaribio la kukodisha. Mwaka 2007 kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya Kampuni ya Reli Tanzania, serikali ikabaki na 49, kwa mkataba wa miaka 25. Haikufika hata miaka mitano. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, uwekezaji haukuonekana, na mwaka 2011 ndoa ilikuwa imekwisha, hisa zikiwa zimerudi serikalini. Wenzangu wa uchumi huwa wanabishana kama kosa lilikuwa ubinafsishaji au mbia. Mimi nadhani wote wanalikwepa swali lililokuwa pale tangu mwanzo. Mizigo hulipa, abiria wa daraja la tatu hawalipi. Karibu kila nchi duniani yenye treni za abiria huzibeba kwa fedha za umma kwa namna moja au nyingine. Ukimkabidhi mtu reli bila kumwandikia waziwazi ni treni ngapi za abiria zitembee, zisimame wapi, na nani atalipa pengo, atafanya kile ambacho hesabu inamwambia: atavuta makontena, na Goweko itasahaulika bila mtu yeyote kuamua kuisahau. Katika kipindi hicho pia mali ya reli ilikuwa chini ya chombo kimoja, yaani RAHCO, na uendeshaji chini ya kingine, hadi Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ilipovirudisha pamoja. Mtu wa genge la njia alipouliza parafujo ziko wapi, kulikuwa na milango miwili ya kubisha.

Haki itendeke: kazi imefanyika tangu hapo. Kipande cha kilomita 89 kati ya Kitaraka na Malongwe kilitandikwa reli nzito za ratili 80, na baadaye mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia ukaikarabati njia ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Mtu anayepita Malongwe leo anasikia tofauti kwenye magurudumu. Mama aliisikia kabla yangu.

Dodoma tulihama. Tulichukua bajaji kutoka stesheni ya zamani kwenda ile mpya, mimi na mikoba miwili, mama na kidumu chake cha asali ambacho alikataa kukikabidhi kwa mtu yeyote. Hakuna ratiba inayozifunga treni hizi mbili. Ile ya zamani ikichelewa, ile mpya haikusubiri, na nauli yako ni juu yako. Sisi tulikuwa tumeacha siku nzima katikati kwa tahadhari. Mtu wa Kaliua anayekwenda hospitali hana siku ya kuacha.

Kuhusu treni ya umeme sina malalamiko, na nawashangaa wenye malalamiko ya kejeli. Ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Ni safi, inaondoka kwa saa iliyoandikwa, inapita katika mahandaki ya milima ya Kilosa mahali ambapo baba yangu na wenzake walipigana na maji kwa majembe. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni chini ya saa nne. Nilipokuwa mwanafunzi, safari ya kutoka Tabora ilinichukua usiku na mchana, na nyakati nyingine usiku mwingine juu yake.

Tulipokuwa tumekaa, kabla haijaondoka, nilimwona mama anapapasa kioo. Alipitisha vidole pembeni, juu, chini. Nilidhani anatafuta mahali pa kuegemea. Nikamuuliza, "Mama, unatafuta nini?"

"Kitasa."

"Haya madirisha hayafunguki, mama. Kuna kiyoyozi."

Akanyamaza kidogo. "Sasa wanauziwa wapi?"

Nilimwambia kuna mhudumu anayepita na toroli la vinywaji na biskuti. Akakubali kwa kichwa. Na hapa ndipo mwandishi angependa mama yake aseme jambo la huzuni, ili makala ipate moyo wake. Hakulisema. Treni ilipoanza kwenda, bila mtikisiko, alitabasamu kama msichana, akasema, "Hii ingekuwepo zamani, nisingekimbia na beseni. Magoti haya ni ya treni." Kisha akalala hadi Morogoro.

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria hotuba nyingi za bajeti. Nilikuwa nimejiandaa kuomboleza dirisha. Mwenye dirisha hakuwa na maombolezo. Alikuwa na swali la mahali pa kuuzia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi wasomi tuna tabia mbaya ya kuchukua la kwanza kwa sababu linaandikika vizuri.

Wakati naandika haya, tuta la SGR linajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, kutoka Tabora kwenda Isaka, na kutoka Isaka kwenda Mwanza; mkataba wa Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Treni ya umeme itakuja kwetu. Stesheni zake zitakuwa chache kuliko za zamani, kwa kuwa treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kusimama kila penye mwembe. Hilo ni sawa. Swali ni nini kitatokea kwa njia ya mita moja siku ile, na sijasikia likijadiliwa kwa sauti ya kutosha bungeni wala katika mabaraza ya madiwani. Kuna hatari kwamba itaachiwa mizigo peke yake, treni ya abiria ikipunguzwa mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa mwezi, kisha tangazo. Tura, Nyahua, Kazikazi: hivi ni vituo ambavyo masika yakikolea, njia ya reli ndiyo njia.

Maoni yangu ni kwamba njia ya zamani ibaki na treni fupi ya abiria inayosimama kila kituo, inayowaleta watu kwenye stesheni kubwa za SGR kwa ratiba inayokutana, na tiketi iwe moja. Pengo la fedha liandikwe katika bajeti kwa jina lake, ruzuku ya abiria wa vijijini, ili mbunge aulize habari zake na mkaguzi azikague. Na katika stesheni mpya pawepo mahali halali, penye kivuli na maji, ambapo mwanamke mwenye beseni anaweza kukaa bila kufukuzwa na mlinzi. Hongo ya zamani ilikuwa na adabu moja: ilijulikana ni kiasi gani na inalipwa nini.

Nilipozungumza haya darasani, mwanafunzi mmoja kutoka Kaliua alinyoosha mkono. "Dokta," akasema, "hayo ya sokoni ni mazuri. Lakini nyumbani kwetu mtu akiugua, tunakwenda stesheni na hatujui kama treni itakuja leo au kesho. Mimi ningeanza na hilo." Nikamsimulia habari za kijana mwenye sare wa Tabora. Akauliza, kwa heshima, kama kijana yule akihamishwa huduma hiyo itabaki. Sikuwa na jibu, na nimeliweka swali lake katika mtihani wa muhula huu.

Yapo pia mambo ya genge la njia, ambayo hayazinduliwi na mtu. Hakuna utepe unaokatwa kwa ajili ya parafujo iliyokazwa. Reli ya Wajerumani haikuzeeka kwa sababu ilikuwa ya Wajerumani. Ilizeeka kwa sababu kwa miongo mingi fedha za matengenezo ndizo zilizokatwa kwanza, kwa kuwa anayekatwa hapigi kelele hadi maji yaje. Reli ya umeme nayo itafikisha miaka 30. Ningependa kuona, katika vitabu vya bajeti ya wizara, fungu la matengenezo yake likiwa na ulinzi wa kisheria, lisiloguswa na waziri yeyote mwenye mradi mpya mkononi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki tatu baadaye tulirudi kwa njia ile ile, mama akiwa na miwani myeusi na jicho moja jipya. Treni ya zamani iliposimama Saranda, wauzaji walitujia mbio na mabeseni ya kuku wa kuchoma na mayai. Mama alishusha dirisha mwenyewe, akakataa msaada wangu, akatoa kichwa nje. Msichana wa miaka 17 hivi alimwamkia, akataja bei. Mama akacheka. Akalichukua yai moja, akalinyanyua kwenye mwanga, akalitazama kwa jicho jipya, akaanza kushusha bei, na aliishusha hadi mimi nikaona aibu na kutazama upande mwingine. Filimbi ilipolia alilipa haraka, akamrudishia msichana chenji yote, akafunga dirisha, na kuniambia kwamba yule mtoto hajui bado: alikuwa ameachia mfuko kabla ya kupokea fedha.